Sikspaki za chini: vijana wa Kenyenya wanauziwa njaa

Wacha tuanze na namba: kilo 54.55. Huo ndio uzani wa chini kabisa ambao KDF huandika kwenye tangazo lake inapotafuta makurutu wa kiume. Kwa wanawake ni kilo 50. Kimo, mita 1.60 kwenda juu. Lisome tangazo lote, ulirudie ukitaka. Hakuna mahali limesema tumbo lako liwe na mistari.

Lakini pita uwanjani Kenyenya jioni, wiki chache kabla ya usajili, uone wasee wanafanya nini. Zamani ilikuwa mbio na presapu, basi. Siku hizi nusu saa nzima inaenda kwa tumbo. Na si tumbo lote, ni ile sehemu ya chini ya kitovu, ile inayoshuka kama herufi V na kuingia kwa suruali. Simu imeegemezwa kwa jiwe, jamaa fulani wa Marekani anahesabu kwa Kizungu, na vijana wetu wamelala chali kwenye nyasi wakirusha miguu hewani kumfuata.

Mazoezi yenyewe hayana ubaya. Ubaya uko kwa maelezo yanayokuja nayo: kata ugali, ruka chakula cha jioni, asubuhi kunywa maji ya limau peke yake, siku 30 mistari itatoka. Huyo jamaa wa Marekani anaongea na mtu mwenye kilo 95 ambaye friji yake imejaa. Wewe unayemsikiliza hapa una kilo 56, na jana ulikula mara mbili. Ukimfuata vizuri, kwa bidii, bila kuruka hata siku moja, utafika siku ya usajili na kilo 53. Utakuwa na mistari, na utarudi nyumbani mapema.

Tuelewane kwa nini hili ni jambo zito huku kwetu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba ya Kisii. Baba akigawa shamba, kila kijana anapata kipande cha kujengea nyumba na migomba michache, au mistari kadhaa ya chai. Kuomoka kwa jembe kumekuwa kugumu. Ndiyo maana sare, iwe ya jeshi, polisi au magereza, inaonekana kama mlango pekee ulio wazi. Polisi walipoandikisha makurutu 10,000 nchi nzima Novemba 17, 2025, baada ya mvutano mrefu mahakamani, kila familia ilikuwa na mtu wake kwenye foleni. Mahali penye njaa ya kazi kama hii, kila mtu hupata cha kuuza. Kuna matapeli wa barua bandia za kujiunga na jeshi, ambao KDF yenyewe huonya juu yao kila mwaka. Na sasa kuna wauza matumbo.

Mwili kwanza.

Hakuna msuli unaoitwa sikspaki ya chini. Msuli wa mbele wa tumbo ni jozi moja ndefu, inaanzia kwenye mfupa wa kinena na kupanda hadi mbavuni. Ile mistari inayokata kwa upana ni kano zinazoshikilia msuli huo, kama kamba zilizofunga godoro lililokunjwa. Idadi ya kano na jinsi zilivyopangwa ulizaliwa nayo. Wengine wana nne, wengine sita, wengine nane, na wengine upande mmoja umepanda kuliko mwingine. Hakuna programu itakayokubadilishia, hata ukiilipia kwa M-Pesa mara tatu.

Unaweza kufanya zoezi linalosumbua sehemu ya chini zaidi kidogo, hilo ni kweli. Ni mazoezi ambayo nyonga inapanda kuelekea kifuani badala ya kifua kushuka kuelekea magotini. Lala chali, kunja magoti, yavute hadi kifuani mpaka makalio yainuke chini, kisha rudisha polepole. Polepole ndiyo kazi yenyewe. Ukishazoea, ning'inia kwenye mwamba wa goli na uinue magoti bila kubembea. Seti tatu za mara 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki. Huo ni msuli kama msuli mwingine wowote, unahitaji uzito unaoongezeka na siku ya kupumzika. Mtu anayepiga sit-apu 500 kila siku anajifunza kupiga sit-apu 500, si zaidi.

Lakini kukuza msuli ni jambo moja, na kuuona ni lingine. Unafunikwa na mafuta yaliyo chini ya ngozi, na mafuta hayatoki mahali unapofanyia zoezi. Hili lilipimwa zamani. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walipima mikono ya wachezaji tenisi, watu ambao mkono mmoja umefanya kazi miaka na miaka kuliko mwingine. Misuli ilitofautiana, unene wa mafuta ulikuwa sawa. Mwaka 2011 wengine wakachukua watu 24, baadhi yao wakapewa mazoezi ya tumbo kwa wiki sita. Nguvu za tumbo ziliongezeka, mafuta ya tumbo hayakusonga. Mwili unachoma mafuta kutoka kote kwa mpangilio wake wenyewe, na kwa wanaume wengi sehemu ya chini ya kitovu huwa ya mwisho kwenye foleni. Ndiyo maana wale wa video wanaikazania. Kitu kigumu kupatikana kinauzika.

Kwa mwanaume, mistari ya chini huanza kuonekana vizuri mafuta yakiwa karibu asilimia 10 hadi 12 ya uzani wa mwili. Kwa mwanamke kiwango hicho ni hatari. Mwili wake unahitaji mafuta zaidi, na ukiyapunguza kupita kiasi hedhi inakatika. Kwa hivyo dadangu, ukiona video ya msichana mwenye tumbo kama ubao wa kufulia, jua huenda alipigwa picha asubuhi moja baada ya wiki kadhaa za kujinyima, na taa imewekwa upande.

Sasa nani Kenyenya ana mafuta ya kupunguza? Wapo. Mhudumu wa M-Pesa anayekaa kwa kiti tangu saa mbili asubuhi. Dereva wa probox. Yule boda ambaye kazi yake ni kuketi juu ya pikipiki, chai na mandazi kila kituo. Huyo dawa yake si kuacha ugali. Hesabu naye: kijiko cha sukari kilichojaa ni karibu kalori 20. Vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, ni kalori 180 ambazo hata hazijamshibisha. Mandazi mbili juu yake, zimekunywa mafuta ya kukaanga. Jioni pombe, ambayo kila gramu ya kileo ina kalori saba, karibu mara mbili ya sukari. Akipunguza hapo tu kalori 300 hadi 500 kwa siku, na akatembea, atashuka kama nusu kilo kwa wiki bila kugusa sahani ya nyumbani.

Na parachichi. Najua nitatukanwa. Huku tunalikata juu ya ugali, juu ya matoke, juu ya githeri, na tunaliita afya. Ni afya. Lakini zaidi ya robo tatu ya kalori zake ni mafuta, na moja la wastani linakaribia kalori 300. Kwa mtu mwembamba anayetafuta uzani hiyo ni zawadi inayoanguka kutoka kwa mti wa jirani. Kwa dereva wa probox, nusu inatosha.

Wengi ninaowaona uwanjani lakini hawako kundi la dereva. Wako kundi la wembamba ambao hawana mafuta ya kutoa, wanachokosa ni msuli wa kuonyesha. Mtu wa kilo 56 asiye na mistari hahitaji kufunga kula. Anahitaji kula. Tena protini, kwa sababu mwili haujengi msuli kwa maji ya limau. Uchambuzi mmoja mkubwa wa 2018, uliokusanya tafiti 49, ulionyesha kwamba mtu anayefanya mazoezi ya nguvu hunufaika na protini hadi karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Kwa kilo 60 hiyo ni gramu 96. Inasikika kama kitu cha mkebe wa unga unaouzwa maelfu Nairobi, sivyo?

Hebu tuipige kwa sokoni. Mayai manne, gramu 24. Vikombe viwili vya maharagwe yaliyochemshwa, karibu 30. Nusu lita ya maziwa, 16. Kiganja cha omena mkavu kutoka ziwani, 15 hivi, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa omena mkavu ni protini. Tayari tuko 85, na bado hatujahesabu ugali, ambao nao una protini yake kidogo, na ule wa wimbi, obokima wenyewe, una kalsiamu kuliko nafaka nyingi. Weka chinsaga pembeni, madini ya chuma hayo. Bei unazijua kuliko mimi, na najua mayai manne kila siku si mchezo kwa nyumba ya watu saba. Basi ongeza maharagwe na omena, punguza mayai. Pesa uliyolipa ile programu ya siku 30 ingenunua maharagwe ya wiki nzima.

(Na usinywe chai pamoja na chakula hicho. Majani chai hupunguza chuma ambacho mwili unavuna kutoka kwa mboga. Subiri saa moja. Najua niko kwa watu wanaolima chai, mnisamehe.)

Kuna wale wasiotaka kusubiri. Mkanda wa jasho, nailoni iliyofungwa kiunoni ukikimbia: unachopoteza ni maji, na ukinywa kikombe kimoja yanarudi. Hiyo angalau ni upuuzi wa bei nafuu. Kinachonitia wasiwasi ni vidonge visivyo na jina na sindano zinazouzwa kwa inbox. Ozempic ni dawa ya kisukari inayoandikwa na daktari, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa bandia za aina hiyo zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia zilipenya huko, fikiria kichupa kilicholetwa na matatu kikiwa kwenye mfuko wa karatasi. Nairobi mwanamke mmoja alifariki Oktoba 2024 baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta, na kliniki ikafungwa. Na wewe unayepanga kukimbia mashindano siku moja, Kenya ina sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli tangu 2016. Naftali Temu wa Nyamira alituletea dhahabu ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968, na Yobes Ondieki akawa binadamu wa kwanza kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27, Oslo, 1993. Ardhi yetu ina rekodi ya miguu kabla ya kuwa na ya matumbo.

Kwa kina mama wachanga, neno moja la haraka. Kama tumbo la chini limebaki limetokeza baada ya kujifungua, inawezekana ile misuli miwili imeachana katikati. Lala chali, inua kichwa kidogo, weka vidole juu ya kitovu. Vikizama viwili au zaidi, usianze na sit-apu, zinaweza kuzidisha pengo. Ulizia kliniki unapompeleka mtoto chanjo. Na usikubali mtu akuambie ni uvivu.

Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo sitajifanya mtaalamu wa lishe. Nasoma tu, na napiga hesabu. Hesabu inasema usajili mwingine ukitangazwa, watakupima kimo, uzani, meno, miguu, na watakukimbiza. Mbio zinahitaji mapafu na chakula cha jana. Presapu zinahitaji kifua. Kama baada ya hayo yote mistari itatokea chini ya kitovu, piga picha, tutapenda.

Kwa sasa tafuta mizani. Kwa chemist ipo, na ikikosekana hata ile ya kituo cha kununua majani chai, ukiongea vizuri na karani. Panda asubuhi kabla ya chai. Ikisoma 58 na mashavu yako yako sawa, endelea kuning'inia kwa goli. Ikisoma 54 kamili, rudi nyumbani umwambie mong'ina aongeze maharagwe kwa sufuria, na ile programu uifute leo, bando lako lisiendelee kuisha bure.