Chimbeni mashimo, acheni semina

Ukitaka kujua mji wa Rumonge, Burundi, unamwaga nini katika Ziwa Tanganyika, usisubiri ripoti. Pita nyuma ya mashine yoyote ya mawese wakati wa mavuno. Chikichi zimechemshwa kwenye pipa, zimepondwa, zimekamuliwa. Mafuta mekundu yameshaingia kwenye madumu ya njano. Yanayobaki ni maji mazito ya kahawia, bado yana moto, na hayo yanashika mfereji. Mfereji unaelekea wapi, hakuna asiyejua. Mji wote unateremkia upande mmoja.

Tope lile limebeba mafuta na makapi. Likioza majini linamaliza hewa ambayo samaki anaitegemea. Na hili si ziwa la kujisafisha lenyewe: Tanganyika lina kina cha mita 1,470, njia yake ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka kabla ya kubadilika. Bujumbura inakunywa maji ya ziwa hili. Mwambao huu huu ndio kipindupindu kinaurudia kila mara, na bado tunawaona watoto wakichota hatua chache kutoka mdomo wa mfereji.

Visingizio tumevisikia vyote. Tusubiri kiwanda kikubwa cha kisasa. Tusubiri mfadhili. Gari la taka halina mazuti. Tangu 2025, mikoa ilipopunguzwa kutoka 18 hadi 5 na Rumonge ikawa komine ndani ya mkoa wa Burunga, tumepata na kipya: tusubiri ofisi zikae sawa. Tope nalo halikusubiri ofisi.

Dawa yenyewe haihitaji mhandisi. Ni mashimo matatu yanayofuatana, yaliyochimbwa juu, mbali na maji. La kwanza linapokea maji ya moto. Yakipoa, mafuta yaliyoponyoka kwenye kinu yanaelea, unayaengua kwa kata. Mafuta hayo hayafai kwa mboga, lakini wapika sabuni wanayanunua, kwa hiyo shimo linaanza kurudisha gharama yake mapema. Tope zito linazama kwenye la pili, unalitoa na kulichanganya na makapi na mikungu mitupu, unaliacha lioze, unapata mbolea. Kinachofika shimo la tatu ni maji ambayo unaweza kuyapeleka shambani kwenye michikichi yenyewe. Mwenye mashine anayesema hana nafasi ya mashimo aulizwe alipataje nafasi ya rundo la makapi lililosimama pale mwaka mzima likifuka moshi.

Na rundo lile ni pesa iliyolala. Katika kila kilo 100 za mikungu inayoletwa mashineni, kilo 20 na zaidi hubaki kuwa mikungu mitupu. Majivu yake yana potasi nyingi, na migomba inaipenda potasi kuliko kitu kingine chochote. Wazee walikuwa wakiyachuja majivu hayo hayo kupikia sabuni. Leo tunayaacha mvua iyapeleke ziwani. Maganda ya mise, yaani kokwa za chikichi, yanawaka vizuri kuliko kuni nyingi, lakini bado mapipa ya chikichi yanachemshwa kwa magogo yanayoshushwa kutoka milimani, huku tukilalamika kwamba msitu wa Kigwena unaliwa pembeni na mto Murembwe unashuka na udongo. Mtu anayenunua kuni huku amekalia kuni hahitaji semina, anahitaji jirani wa kumwambia ukweli.

Suala la usafiri nalo lisitusumbue. Barabara ya Bujumbura imejaa vijana wanaoendesha baiskeli zenye mizigo mirefu kuliko wao. Magunia mawili ya maganda ya mise hayajawahi kumshinda mmoja wao.

Kama kuna anayeona haya ni madogo mno kubadilisha kitu, ateremke hadi Mvugo, Nyanza-Lac. Ndagala zilikuwa zinaanikwa mchangani, zinaliwa na kuku, zinakanyagwa, mvua ikinyesha zinaoza, na mlaji anatafuna mchanga. Mwaka 2004 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ikasaidia kuweka vichanja vya waya vilivyoinuliwa kiasi cha mita moja kutoka chini. Waya na miti, basi. Samaki wakakauka haraka, wakawa safi, bei ikapanda, na majirani wakaiga bila kushikiwa fimbo. Mashimo ya mawese ni kazi ya aina hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba anayeanika ndagala vibaya anakula hasara yake mwenyewe, na anayemwaga tope anawagawia wengine. Ndiyo maana hapa kuiga peke yake hakutatosha. Lazima komine iseme, na iseme kwa faini.

Sheria haina upungufu. Mkataba wa nchi nne wa kulitunza ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, na makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yako hapo hapo Bujumbura. Sheria ya Maji ya 2012 imetenga mita 150 kandokando ya ziwa zisiguswe. Agizo la Rais la Agosti 2018 lilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Umoja wa Ulaya umegharamia mradi wa LATAWAMA kuhusu maji na taka katika miji ya mwambao. Karatasi tunazo. Mifuko nayo tunayo, imenasa kwenye matete.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, na hatuombi kwa upole sana. Mashine isiyo na mashimo isipewe ruhusa ya kukamua msimu ujao. Ipewe miezi michache ya kuchimba, kisha ifungwe. Sokoni, maganda ya ndizi na majani ya mihogo yawe na pipa lake, plastiki iwe na lake, na yale ya kuoza yapelekwe kwenye mbolea pamoja na makapi ya mawese. Ushuru unakusanywa sokoni, basi sehemu yake iende kwa watu wanaozoa taka, na kiasi kibandikwe ukutani wafanyabiashara wasome.

Kazi za pamoja za Jumamosi tunazo tayari. Watu wanakuja na majembe na sepeto, wanafagia barabara, wanasukuma taka mtaroni, wanarudi nyumbani, mvua inamalizia. Jumamosi ijayo wapelekwe kwenye mashine za mawese, na wenye mashine wawe wa kwanza kushika sepeto. Atakayesema bajeti hakuna aje na daftari la ushuru wa soko, tulisome pamoja.