Fundi Halipwi kwa Kuhesabu Tundu

Kuna swali ambalo nimelisikia mara nyingi mno katika nyumba zetu, na nakiri kwa aibu kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuliuliza kwa sauti kubwa: "Tundu nne tu, elfu arobaini?" Huulizwa fundi anayekuja kutundika televisheni ukutani, mara tu anapotaja bei yake. Muulizaji ameshalipa zaidi ya milioni moja ya faranga dukani bila kubishana sana, kwa sababu duka lina vioo, taa na risiti. Lakini mbele ya mtu mwenye mfuko wa vyombo begani, ghafla anakuwa hodari wa hesabu. Anagawanya elfu arobaini kwa nne, anapata elfu kumi kwa kila tundu, kisha anacheka.

Insha hii inalipinga swali hilo. Nadai kwamba fundi hauzi tundu. Anauza ujuzi wake wa ukuta, na ujuzi huo unastahili kulipwa hata pale unapomfanya aseme kwamba kazi hii haifai kufanywa. Nadai pia kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio watu wa mwisho wanaopaswa kuuliza swali kama lile.

Nianze na kosa langu, ili msomaji asidhani nawahukumu wengine.

Tunakaa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara iendayo Rumonge. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za mtaa huu, haikujengwa siku moja. Vyumba vya mwanzo vilijengwa kwa tofali mbichi zilizokaushwa juani, zile tunazoziita rukarakara, kisha vikapigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi. Miaka ilipopita na hali kuwa nafuu kidogo, baba aliongeza chumba kimoja cha tofali za kuchoma, ubavuni mwa sebule. Ukiingia leo huoni tofauti yoyote. Lipu ni ile ile na rangi ni ile ile.

Mwaka jana kaka yangu alinunua televisheni ya inchi 43. Mama akamwita fundi mmoja, mzee wa mtaani. Mzee yule hakutoa mashine yake. Aligonga ukuta wa sebuleni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea hatua moja, akagonga tena. Akatoka nje, akautazama ukuta ule kwa nyuma, pale lipu ilipobanduka karibu na msingi. Aliporudi aliniambia, "Mwanangu, ukuta huu ni udongo uliovaa shati la saruji. Hautashika." Akashauri televisheni iwekwe kwenye ukuta wa pembeni, ule unaopakana na chumba kipya, kwa kuwa huo ni wa tofali za kuchoma. Lakini huko hapakuwa na soketi, kwa hiyo angehitaji kuvuta waya. Kazi yote pamoja, elfu arobaini.

Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa familia siku hiyo, eti kwa sababu ndiye msomi. Nilitaka televisheni ielekee mlangoni, ili mgeni akivua viatu tu aione. Nikamwambia mzee asitutishe na habari za udongo, maana nyumba imesimama miaka yote hiyo. Kisha nikauliza swali la tundu nne. Mzee akafunga mfuko wake, akamuaga mama kwa heshima, akaondoka. Hakupewa hata nauli.

Tukampata kijana wa rika langu aliyeazima mashine ya kutoboa. Alichukua elfu kumi na nusu saa. Televisheni ikakaa pale nilipopataka, nami nikapiga picha nikawatumia wenzangu wa chuo.

Ilikaa wiki tatu. Mdogo wangu wa miaka sita alikuwa amezoea kujilaza kwenye mkeka chini yake, akifanya kazi za shule. Alasiri moja mama alimtuma dukani akanunue chumvi. Alipokuwa huko tukasikia kishindo. Skrubu mbili za juu zilikuwa zimechomoka pamoja na vizibo vyake na donge la udongo kubwa kama ngumi. Kioo kilikuwa kimelala kifudifudi juu ya daftari lake, lililokuwa bado liko wazi. Mtoto akarudi na chumvi mkononi, akauliza ni nani aliyeangusha tele. Hakuna aliyemjibu.

Sasa tuulize: mzee yule alijua nini ambacho mimi sikukijua?

Watu husema televisheni za siku hizi ni nyepesi, na ni kweli. Ya kwetu ilikuwa na kilo kumi hivi, wakati mfuko wa saruji una kilo 50. Lakini chuma tulichonunua kuishikilia kilikuwa cha mkono unaokunjuka, ili mtu aweze kuivuta na kuigeuza atakavyo. Kadiri televisheni inavyosogea mbali na ukuta, ndivyo skrubu za juu zinavyovutwa kwa nguvu zaidi. Yeyote aliyewahi kuchota maji anaijua hesabu hii: ndoo ikining'inia ubavuni unatembea nayo, lakini ukinyoosha mkono mbele nayo, bega halivumilii dakika moja. Uzito haujaongezeka, ila umbali umeongezeka.

Halafu kuna kile kizibo kidogo cha plastiki kinachoingizwa tunduni kabla ya skrubu. Kizibo cha nailoni kilibuniwa na Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958, na siri yake ni rahisi: skrubu inapoingia, kizibo hupanuka na kubana pande zote za tundu. Maana yake ni kwamba kizibo hakina nguvu peke yake. Kinategemea ukuta ukibane nacho kiubane. Tofali la kuchoma linaweza kufanya hivyo. Tofali bichi husagika na kuwa vumbi, na kila siku tundu linapanuka kidogo bila mtu kuona. Bloku za saruji zenye uwazi ndani nazo zinataka kizibo cha aina nyingine, kinachofunguka kule ndani. Kwa hiyo kabla ya kutoboa ni lazima ujue ukuta una nini nyuma ya rangi. Ule mgongo wa kidole ulikuwa unauliza swali hilo, na mimi nikadhani mzee anapoteza muda.

Bado sijataja waya. Katika nyumba ambazo waya zimefichwa ndani ya lipu, mara nyingi hupanda au kushuka moja kwa moja kutoka kwenye soketi. Anayetoboa juu ya soketi bila kuuliza anaweza kukutana na volti 220. Sijataja pia kwamba nyuma ya televisheni kuna tundu nne zenye nafasi maalumu, kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho VESA, kwa mfano milimita 200 kwa 200, na kwamba skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kuharibu vilivyomo ndani. Kutoboa ni dakika chache za mwisho za kazi hii, na sehemu iliyobaki hufanyika kichwani mwa fundi. Ndiyo maana mtazamaji huona kama hakuna kilichofanyika.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu.

Wapo watakaosema maisha ni magumu, na kupatana bei ni desturi yetu. Sipingi kupatana. Nasema tupatane kuhusu ukubwa wa kazi, tusipatane kuhusu ujuzi. Ningeweza kumwambia mzee, "Hatuna fedha za kuvuta waya mwezi huu, tufanyeje?" Huenda angejibu tuiweke juu ya kabati fupi mpaka tupate. Meza haijawahi kumdhalilisha mtu. Lakini sikuuliza jinsi ya kufanya kidogo kwa usalama. Nilitaka kazi yote, mahali pasipofaa, kwa robo ya bei. Huko si kupatana bei, ni kumwambia mtu kwamba miaka yake yote ya kujifunza haina thamani.

Wapo watakaosema siku hizi video za intaneti zinafundisha kila kitu. Nami nilizitazama. Nyingi nilizoziona zilionyesha nyumba za Marekani, ambako mara nyingi ukuta ni ubao mwembamba uliopigiliwa juu ya nguzo za mbao, na mwalimu anakwambia utafute nguzo. Ruziba utatafuta nguzo mpaka jua lichwe. Video inamjua mwenye video, haiujui ukuta wako.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kila mtu hujiita fundi, tutamjuaje wa kweli? Kijana wa elfu kumi naye alijiita fundi. Nakubali kwamba wababaishaji ni wengi, na kwamba wanatuumiza. Lakini tujiulize nani anawalisha. Tukimfukuza anayegonga ukuta na kumwita asiyeuliza kitu, tunamfundisha yule wa kwanza kwamba uaminifu ni hasara. Dalili za fundi wa kweli zinaonekana kabla ya mashine kuwaka. Anauliza nani alijenga na kwa tofali gani. Anageuza televisheni kutazama mgongo wake. Anauliza waya unapita wapi. Ana pima maji mfukoni. Na zaidi ya yote, anaweza kusema hapana, hata kama hapana hiyo inamkosesha ugali wa siku hiyo.

Hata hivyo si haki kuuachia mgongo wa kidole kazi yote. Hapa Bujumbura tuna shule za ufundi, mathalani ETS ya Kamenge, lakini fundi aliyejifunzia kazini, kwa kumbebea mwalimu wake ngazi, hana karatasi ya kuonyesha. Jirani zetu wa Tanzania wana VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na moja ya kazi zake ni kuwapima mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti kwa ujuzi walio nao tayari, bila kuwarudisha darasani tangu mwanzo. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Tumeshaitumia jumuiya hiyo kama sababu ya kusoma Kiswahili. Tunaweza pia kuitumia kujifunza jinsi ya kumheshimu mzee mwenye mfuko wa vyombo.

Na hapo ndipo linapotuhusu sisi wa Kiswahili. Neno fundi na neno mwanafunzi ni watoto wa mama mmoja: kufunda, kufunza, kufundisha, mafunzo. Kirundi nacho kimelipokea, tunasema umufundi. Lugha yenyewe inakiri kwamba fundi ni mtu aliyefunzwa, na kwamba mwanafunzi yuko njiani kuelekea huko. Lakini sisi tumewatenganisha ndugu hawa. Tukiwa kwenye chumba cha mtihani tunaandika kurasa tatu juu ya unyonyaji wa tabaka la wafanyakazi katika riwaya, tena tunapata alama nzuri. Jioni tunarudi nyumbani kumpunguzia mfanyakazi wa kweli robo tatu ya ujira wake, na tunaona tumefanya ujanja.

Mhadhiri akifundisha saa mbili, hakuna anayehesabu maneno yake ili kujua kila neno linagharimu faranga ngapi. Tunajua kwamba nyuma ya saa mbili zile kuna miaka. Daktari akikutazama na kukwambia huhitaji dawa, unalipa bila kunung'unika, na unarudi nyumbani ukiwa na furaha. Kwa nini basi fundi akitazama ukuta na kusema "usitundike hapa", tunaona hajafanya kazi? Neno lile moja lingetuokolea televisheni. Lingeweza kuokoa kichwa cha mtoto.

Wanafunzi wenzangu, pendekezo langu si kubwa. Ukimwita fundi aje atazame, mlipe kwa kutazama, hata kama ni kidogo, hata kama hamtaendelea naye. Akikwambia hapana, mwulize sababu kabla ya kumwuliza bei. Kama huna fedha za kutundika, weka mezani. Nanyi wahadhiri wetu, mnapotufundisha kwamba lugha hubeba maarifa ya jamii, tutumeni siku moja kwa mafundi. Mimi nilifika mwaka wa tatu wa chuo bila kujua tofauti ya timazi na pima maji. Mzee wa Ruziba alinieleza kwa dakika mbili, kwa Kiswahili safi, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ndiyo, nilikwenda kumtafuta. Nilimpelekea elfu tano za ile safari ya kwanza, nikamwomba radhi. Alizihesabu, akazitia mfukoni, akauliza kama mtoto ni mzima. Nikamjibu ni mzima. Akasema tukinunua nyingine tumwite, ila bei ya waya imepanda.

Hatujanunua nyingine. Namlipa kaka yangu kidogo kidogo, kila nikipata. Tundu zile zingali ukutani, zikielekea mlangoni, na mgeni akivua viatu tu anaziona. Mama amekataa zizibwe mpaka nimalize deni.