Mrudishieni Kukhu Jembe Lake

Huku kwetu, kuanzia Bungoma hadi Kitale, mzazi akianguka mara moja tu watoto hufanya kikao, wakachanga, na uamuzi ni ule ule: akae. Kukhu, yaani bibi, anapokonywa jembe, anakatazwa kwenda kuchuma mrenda, hata maji ya kunawa anafuatwa nayo kitini. "Umetulea, sasa pumzika." Wanasema kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yanayomwangusha mara ya pili.

Misuli isiyofanya kazi hunyauka, na ya mzee hunyauka upesi mno. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza wazee wenye afya njema kitandani kwa siku 10. Walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Wenye afya! Sasa mama aliyekalishwa tangu Pasaka, Desemba atainuka kwa nguvu zipi?

Maana usiku ataenda tu chooni. Mvua imenyesha, njia ni utelezi mtupu, tochi ya simu haina chaji, na ndara zake zimelika soli. Pengine ana mtoto wa jicho. Pengine ni dawa za presha, akisimama ghafla anashikwa na kizunguzungu. Mtoto wa jicho hupasuliwa, na dawa daktari anaweza kuzipima upya, lakini tukishasema "ni uzee" hakuna anayempeleka hospitali.

Mtaniambia akitembea ataanguka. Kweli, mzee aliyelegea haachwi peke yake apishane na bodaboda kwenye barabara ya Webuye. Aanzie nyumbani: ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono, aketi, ainuke tena. Asimame kwa mguu mmoja ameshika meza, mjukuu akiwa ubavuni. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliotolewa 2019 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23 hivi, na ya kujenga uthabiti wa mwili ni miongoni mwa yanayofaa zaidi. Hayahitaji hata shilingi.

Ibara ya 57 ya Katiba yetu inampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Haki hiyo haitekelezwi kwa kumfungia kitini. Mkija nyumbani Desemba, leteni viatu vinavyoshika kisigino na taa ya sola ya njia ya chooni, kisha mwacheni aende shambani.