Chai Bila Sukari

Kumwambia mzee wa Unguja aache sukari ni kama kumwambia ahame baraza yake. Ndivyo alivyoona ami yangu alipopatikana na kisukari. Akasusa chai, na wenzake wa barazani akawasusa pia.

Jioni moja nilimchukua Mji Mkongwe, kwa muuza chai mmoja, tukaonje chai kavu za namna mbalimbali. Ya mchaichai aliisifia harufu, kisha akairudisha: “Hii dawa ya homa, mwanangu.” Ya tangawizi ilimkohoza. Ya mdalasini na hiliki alifika nusu kikombe.

Ikaja ya kijani, kutoka China. Wengi hudhani ni mti mwingine. La, ni mchai ule ule unaolimwa Mufindi na Usambara, ila majani hutiwa moto mapema yasipate kugeuka meusi. Maji yanayotokota huizidishia uchungu. Yafaa yaachwe yapoe kidogo. Hata neno letu “chai” chimbuko lake ni huko, na madaktari wa Kichina, wanaokuja Unguja tangu miaka ya 1960, huinywa bila sukari wala hawaoni tabu.

Ami akaonja, akanyamaza. “Kama kahawa,” akasema. Naye kahawa chungu ameinywa maisha yake yote, akiiteremshia halua.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta barazani, kikombe mkononi, akibishana juu ya bao. Sahani ya halua ilipomfikia aliisukuma kwa jirani, polepole sana.