KIPIMO SI SHAHIDI WA UZINZI



Umo katika jamii yetu ushahidi wa uongo ambao hatuna budi kuukemea bila kuuma maneno. Mwanamke akipimwa mlango wa kizazi, na majibu yakionyesha kirusi cha papiloma au chembechembe zilizobadilika kwa sababu ya kirusi hicho, mara huitwa mzinzi. Karatasi ya hospitali hugeuzwa kuwa hati ya mashtaka. Hiyo si haki, wala si kweli.

Kipimo cha chembechembe, kilichoasisiwa na daktari Georgios Papanicolaou katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hakikioni kirusi. Huonyesha tu kama chembechembe zilizokwanguliwa kwenye mlango wa kizazi zimeanza kuharibika. Kipimo kipya zaidi hutafuta kirusi chenyewe. Hakuna hata kimoja kiwezacho kusema kirusi kiliingia lini, wala kililetwa na nani. Naam, huambukizwa kwa kujamiiana. Lakini kimeenea mno, hata watu walio wengi hukipata wakati fulani wa maisha yao. Mara nyingi mwili hukishinda katika mwaka mmoja au miwili; pengine hukaa miaka mingi bila dalili yoyote. Mke mwaminifu aweza kukutwa nacho leo, ilhali kililetwa na mume yule yule anayemshtaki. Mwanamume hukibeba bila kujua, wala hapimwi. Basi, kwa haki gani asiyepimwa amhukumu aliyepimwa? Mwanamke aliyeletwa mbele ya Bwana ili apigwe mawe aliletwa peke yake, mwanamume hakuonekana.

Uongo huu unaua. Aogopaye kuhukumiwa haendi kupimwa, na asiyepimwa huufahamu ugonjwa umekwisha kukomaa. Kwa kawaida chembechembe zilizoharibika huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa, muda huo ni mfupi zaidi. Nafasi ya kuokoa maisha ipo. Hata hivyo, mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 duniani walikufa kwa saratani hii, walio wengi mno katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati.

Wala wenye madaraka, pamoja na sisi tulio na hospitali za Kanisa, tusijifiche nyuma ya aibu ya wanawake. Kipimo cha chembechembe hudai maabara na mtaalamu, navyo ni adimu vijijini. Lakini muuguzi aliyefunzwa aweza kupaka siki hafifu na kutazama kwa macho, zahanatini. Aidha, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha kirusi, ambacho mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Kumwacha mama afe kwa kukosa huduma ya namna hiyo ni dhuluma.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Huduma hii ifike zahanatini, na matibabu yafuate mara tatizo lionekanapo. Majibu yawe siri ya mwenye mwili. Na vyama vya kitume vya wanaume vifundishwe ukweli huu sawasawa na vya wanawake.

Amri ya nane haikuandikwa kwa ajili ya mahakama peke yake. Yatuhusu barazani, jumuiyani, na chumbani pia.