Mbele ya tofali la kwanza, karatasi

Kila mwaka, wakati mvua inaanza kugonga mabati, sisi wakaaji wa Lubumbashi tunasikia kelele mbili mu maparseli yetu: ya maji, na ya mwenye nyumba anayegombana na masoni.

"Ukuta inapasuka juu uliiba simenti yangu!"

"Ulinipa mifuko kidogo, ningefanya namna gani?"

Nani anasema kweli? Hakuna anayejua, sababu hakuna kilichoandikwa. Na hatusemi masoni wote ni wezi. Tunajua wengine wanaotumika miezi mitatu kwenye jua, na siku ya kulipwa mwenye parseli anaanza kusema kazi ni mbaya, kisha anafunga mlango.

Watu wengi wanafikiri Leta haina sheria juu ya mambo haya. Iko, tena ya zamani: dekre ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ile tunaita leo kitabu cha tatu cha kode sivile. Inasema hivi: kama nyumba iliyojengwa kwa bei moja iliyopatanwa inaanguka, yote ao sehemu, juu ya kujengwa vibaya, arshitekte na antreprenere wanajibu muda wa miaka 10. Hata kama ubaya unatoka mu udongo, ni wao wanajibu. Kwa hiyo antreprenere hawezi kusema, "Udongo wako ndio mbaya, mimi sina kosa." Ni yeye alipaswa kuangalia udongo mbele ya kuchimba msingi. Tena, kama mlipatana bei moja kwa plani iliyokubaliwa, hawezi kuongeza bei ati simenti imepanda. Hata mabadiliko ya plani yanapaswa kuandikwa.

Lakini sheria bila karatasi ni jembe bila mpini. Jaji atauliza: mlipatana bei gani? Plani iko wapi? Nani alinunua simenti? Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Tunanunua simenti sisi wenyewe, tunalipa masoni kwa siku, leo huyu, kesho mwingine. Siku nyumba inapasuka, hakuna antreprenere wa kushikwa, wala bei moja ya kuonyesha. Ile miaka 10 inabaki mu kitabu.

Tunajua jibu la watu: "Masoni ni ndugu yangu, namuombaje karatasi? Atasema simuamini." Wandugu, ni juu yeye ni ndugu ndiyo muandike. Tumeona jamaa ngapi zisizosalimiana tena hata ku matanga, juu ya ukuta moja? Karatasi haiui undugu. Inaulinda, juu kila mtu anakumbuka alichokubali.

Wengine wanasema hawajui Kifaransa cha tribinali. Ni kweli, na hapa tunawageukia wakubwa wa komini. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha ine za taifa. Basi, mbona kila komini isibandike ku mlango wake mfano wa mapatano ya ujenzi, ukurasa moja, kwa Kiswahili? Wanaokuja kuomba ruhusa ya kujenga wangeondoka nao mkononi.

Wakati tunangojea, tuandike wenyewe: majina ya pande mbili, kazi ni gani, bei yote, nani ananunua vifaa, mifuko ngapi imeingia na siku gani, feza inatolewa kazi ikifika wapi, siku ya kumaliza. Pande mbili zitie sahihi, na mashahidi wawili. Kila mmoja abaki na kopi yake. Kila feza inayotoka, masoni asaini kama amepokea.

Kaye ya mwanafunzi inatosha kwa kazi hii. Bei yake haifiki hata ya mfuko moja wa simenti. Basi tununue kaye kwanza, simenti ifuate.