MTARO USIFUKIWE KABLA YA KUPIMA BOMBA

Ndugu wanakijiji,

Tunasikia manung'uniko: "Tufukie mtaro, mvua hiyoo!" Sisi tunasema kwanza bomba lipimwe.

Kipimo hakikisiwi. Maji yakishuka mita 10 za kimo, nguvu yake huongezeka baa 1 hivi. Urefu wa njia hauhesabiwi. Tangi likiwa mita 60 juu ya bonde, na koki zote zikifungwa usiku, bondeni maji yanasukuma baa 6. Kwa kawaida mafundi huzidisha mara moja na nusu, yaani baa 9. Geji ikae bondeni, maana mzigo uko huko. Lakini tusome kwanza maandishi ya bomba na koki: kifaa dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoweka mpaka.

Bomba lishikizwe kwa udongo, maungio yaachwe wazi tuone yanapovuja. Lijazwe maji, hewa itoke yote. Tusipime kwa upepo wa kushindilia. Bomba likipasuka huo unaua mtu.

Jamani, kungoja siku mbili ni afadhali kuliko akina mama kurudi mtoni na ndoo. Jumamosi saa 2 asubuhi, kila nyumba ilete mtu. Majembe yangoje.

Katibu wa Tawi